Usalama wa Watoto Wetu, kwa Gharama ya Nani?

Mwaka 1967 mwanafalsafa Mwingereza Philippa Foot alitoa mfano wa dereva wa tramu asiyeweza kuisimamisha: akibaki kwenye reli aliyo nayo ataua watu watano, akihamia reli nyingine ataua mmoja. Tangu hapo sisi wanafunzi wa maadili hatujapumzika. Kila muhula lazima tramu ipite darasani. Nasomea shahada ya uzamili ya falsafa hapa Texas, na sijawahi kukutana na mtu aliyelazimika kuchagua reli. Ila nimekaa miezi mitatu na watu wawili waliokuwa wanachagua gari, na kwa maoni yangu kazi yao ilikuwa ngumu kuliko ya yule dereva. Yeye ana sekunde chache. Wao walikuwa na muda wote wa kufikiri, na kufikiri ndiko kunakomwajibisha mtu.

Dada yangu na shemeji wanaishi viungani mwa Houston na watoto wao watatu. Shemeji anaishi kwa kukata nyasi za watu: ana tela, mashine mbili kubwa za kukalia, na pikapu chakavu ambayo giaboksi yake imeshaanza kuaga. Dada ni nesi wa zamu ya usiku na gari lake ni Corolla. Walitaka gari moja litakalovuta tela siku za kazi na kubeba familia siku nyingine, watoto wawili wakiwa bado kwenye viti vya watoto. Hapa Texas jibu la haja hiyo linakusubiri kabla hujauliza: pikapu kubwa ya milango minne. Ford F-150, Chevrolet Silverado 1500, au Ram 1500.

Msomaji wa nyumbani akisikia pikapu anaiona Hilux. Aiweke kando kwanza. F-150 ya milango minne ina urefu unaokaribia mita 5.9, na upana wake, bila kuhesabu vioo, umepita mita 2. Hilux ikiegeshwa pembeni yake inafanana na mdogo mtu aliyekuja likizo kwa kaka yake.

Shemeji alilifanyia kazi suala hili kama mtu anayetafuta kiwanja. Aliipenda Ram kwa sababu springi zake za nyuma ni za koili, hivyo haidundi kama wenzake ikiwa tupu, na mtoto wa pili ni mtapikaji hodari wa safarini. Siti yake ya nyuma pia ina nafasi ya miguu kuliko za wenzake. Silverado ina springi za bapa nyuma, zile za kazi, na bampa yenye vikato pembeni vya kukanyagia ukipanda kwenye bodi. Fundi wake aliisifu sana injini yake ya V8 ya lita 5.3. F-150 nayo tangu toleo la mwaka 2015 bodi yake ni ya alumini, mabadiliko yaliyoipunguzia uzito kwa hadi kilo 318. Na tangu toleo la 2021 kuna F-150 ya mseto wa petroli na umeme inayoweza kutoa hadi kilowati 7.2 kwenye soketi zilizo nyuma. Hilo la mwisho ndilo lililomfanya dada anyanyue kichwa. Kimbunga Beryl cha Julai 2024 kiliwaacha wateja zaidi ya milioni 2 wa eneo hili bila umeme, na samaki wake wote waliokuwa kwenye friza waliishia jalalani. Tatizo likabaki bei. Hata pikapu ya kawaida ikiwa mpya inafika dola 50,000 bila jasho, na hapo hujaanza kuzungumza na mwenye benki kuhusu riba.

Kama suala lingeishia hapo nisingeandika chochote. Koili au bapa, alumini au chuma, hayo ni ya mfuko na mgongo. Lakini jioni moja dada aliweka kikombe chake mezani akasema: "Mdogo wangu, mimi nataka gari ambalo likigongana na jingine, wanaolia wawe wa upande ule."

Alikuwa na sababu. Mwaka mmoja kabla alikuwa amesimama kwenye taa, akagongwa kwa nyuma na pikapu iliyoinuliwa kwa vifaa vya dukani. Bampa ya pikapu ilipita juu ya bampa ya Corolla kana kwamba hawakuwahi kutambulishwa, ikaingia kwenye buti. Watoto hawakuwemo. Dada alitoka na maumivu ya shingo, gari likatengenezwa, lakini viti viwili vya watoto vilivyokuwa nyuma alivitazama kwa muda mrefu kabla ya kuvitupa.

Kauli yake ilinikaa kwa wiki nzima. Hakuna mzazi anayelaumiwa kwa kumtanguliza mwanawe. Ukimpa mwanao mkate wako huku mtoto wa jirani ana njaa, watu watakuelewa, hata kama hawatakusifu. Ukimpa mwanao mkate uliouchukua mkononi mwa mtoto wa jirani, jambo limebadilika. Swali langu likawa: pikapu kubwa ni mkate wa aina gani?

Usalama una aina zake. Mkanda, mfuko wa hewa, breki nzuri na kofia ya pikipiki ni ngao. Vinanilinda bila kumpunguzia mtu mwingine chochote. Lakini sehemu ya usalama anaoutaka dada inatokana na kuwa mzito na mrefu kuliko mwenzako, na hiyo ni habari ya mkuki. Nguvu ya mgongano haipotei. Gari zito likibadilika mwendo kidogo, jepesi litabadilika sana, na shingo za waliomo humo ndizo zinazolipa tofauti. Wachumi Michael Anderson na Maximilian Auffhammer walichapisha mwaka 2014 hesabu ya bei hiyo: kugongwa na gari lililo zito zaidi kwa paundi 1,000, yaani kama kilo 454, kunaongeza uwezekano wa kufa kwa asilimia 47. Muongo mmoja kabla yao Michelle White alikuwa ameliita jambo hili mashindano ya silaha barabarani. Aliona kwamba kwa kila ajali ya kifo ambayo waliomo kwenye magari makubwa wanaiepuka, zinatokea angalau 4.3 zinazowapata wengine.

Na hao wengine wanajumuisha wasio na gari kabisa. Mwaka 2009 watembea kwa miguu 4,109 walikufa katika barabara za Marekani. Mwaka 2022 walizidi 7,500. Sababu ni nyingi, mwendo na giza na simu na barabara zisizo na njia ya miguu, na nisingependa kuzitupia pikapu zote. Lakini mwaka 2023 taasisi ya utafiti ya makampuni ya bima, IIHS, ilichambua ajali zinazokaribia 18,000 za watembea kwa miguu na kuona kwamba magari yenye boneti inayozidi sentimita 102 hivi yana uwezekano mkubwa zaidi wa kuua, kwa asilimia kama 45, kuliko yenye boneti iliyolala isiyozidi sentimita 76. Gari dogo linakupiga miguu na kukutupa juu ya boneti. Refu linakupiga kifuani, au kichwani kama una miaka saba, na kukulaza chini.

Nilikulia Morogoro, pembeni ya barabara kuu. Kule sheria hii tunaijua bila utafiti: mwenye nguvu mpishe. Mama anaimaliza kwa kumshika mtoto mkono na kumvuta hadi kwenye majani lori linapokuja. Lakini sisi tunaisema kama onyo kwa mnyonge. Sijawahi kusikia mtu akiifanya sababu ya kwenda kununua lori.

Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo hakuna profesa wangu aliyewahi kuniuliza: "Shem, wewe unapanda basi la chuo. Hiyo kanuni yako, atailipia nani?"

Lazima nikiri kwamba hoja yake ina uzito. Mimi nilikuwa namnukuu Kant, kwamba tenda kwa kanuni ambayo ungependa iwe sheria ya wote. Ni kweli hakuna anayeweza kutaka kila mtu awe mrefu kuliko kila mtu. Hata hesabu inakataa. Lakini Kant hakuwahi kuingia kwenye barabara ya I-10 saa moja asubuhi na watoto watatu nyuma. Mtu mmoja akijizuia, pikapu za wengine hazifupiki hata sentimita moja, na anayeumia kwa kujizuia kwake ni mtoto ambaye hakushirikishwa. Kumwambia mhamiaji anayekata nyasi kwamba yeye ndiye aanze kupunguza silaha ni kumtuma kwenda vitani na fimbo ili dunia ijifunze.

Isitoshe mchezo huu si wa shemeji. Ulitengenezwa na wengine, na kwa njia za ajabu. Nchi za Ulaya zilipandisha ushuru kwa kuku kutoka Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Rais Lyndon Johnson, kwa hasira ya kuku hao, akatangaza mwishoni mwa 1963 ushuru wa asilimia 25 kwa malori mepesi kutoka nje. Mzozo wa kuku umesahaulika. Ushuru umebaki, na ndiyo sababu mojawapo pikapu ndogo za kigeni ni adimu hapa. Kisha sheria ya mwaka 1975 ya matumizi ya mafuta ikafuatiwa na viwango vilivyoyapa malori mepesi masharti laini kuliko magari ya kawaida, na viwanda vikajua wapi pa kupumulia. F-Series ya Ford imekuwa ikiongoza mauzo ya pikapu nchini humu tangu 1977. Mtu akiingia yadi leo anadhani anachagua, kumbe nusu ya uchaguzi ilifanyika kabla hajazaliwa.

Hata hivyo kuna kitu hoja ya shemeji haikigusi. Inachukulia kwamba mpaka kati ya wetu na wao ni ule mlango wa gari: walio ndani wetu, walio nje wao. Mlango haujui hilo. Mwaka 2008 Marekani ilipitisha sheria yenye jina la Cameron Gulbransen, mtoto wa miaka miwili aliyefariki mwaka 2002 baada ya baba yake kumgonga akirudisha gari nyuma nyumbani kwao. Baba huyo ni daktari wa watoto. Ni kwa sheria hiyo magari mapya yote ya ukubwa huu, tangu Mei 2018, lazima yawe na kamera ya nyuma. Ya mbele haikulazimishwa. Jumamosi moja kwenye yadi nilimwomba shemeji akae kwenye usukani wa Silverado, nikachuchumaa mbele ya boneti mpaka nikawa na kimo cha mtoto wao wa mwisho, nikanyoosha mkono juu. Aliona vidole. Hakuniona mimi. Dada alikuwa amesimama pembeni, na hakusema kitu hadi tulipofika nyumbani.

Baada ya hapo mazungumzo yalibadilika, na kwangu hapo ndipo falsafa ilipoanza kufanya kazi. Hatukuuliza tena kama pikapu ni dhambi. Tuliuliza ni kiasi gani cha mkuki kinadaiwa na kazi, na kiasi gani kinadaiwa na hofu au mbwembwe. Gari la familia la kawaida kama Toyota Sienna linaruhusiwa kuvuta paundi 3,500, kama kilo 1,588. Tela la shemeji na mashine zake vinakaribia tani mbili. Basi hapo kazi imesema. Mimi niliipigia debe Honda Ridgeline, yenye boneti ya chini na uwezo wa paundi 5,000, karibu kilo 2,268. Shemeji akanionyesha nyasi mbichi, madumu ya petroli na vijana wake wawili, na pengo lililobaki likawa jembamba mno kwa mtu anayevuta kila siku ya kazi. Nilikubali. Lakini kazi hiyohiyo haikudai 2500, haikudai magurudumu manne ya kusukuma katika mji usio na theluji, na kwa hakika haikudai inchi mbili za kuinua gari ambazo muuzaji alituwekea mezani kwa dola chache tu kwa mwezi. Dada alimuuliza zinasaidia nini. Akajibu, "Mama, utaonekana." Dada akasema anaonekana vya kutosha.

Walichukua F-150 iliyotumika, ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma tu, isiyoinuliwa, yenye kamera pande zote nne. Ya mseto ilikuwa juu ya uwezo wao, hivyo friza bado iko mikononi mwa Mungu. Bado nadhani siku ya Jumapili, tela likiwa limebaki nyumbani, gari lile linawadai waliopo nje kitu ambacho hawakukubali kukitoa, na sijapata hoja inayolifuta deni hilo. Shemeji anasema deni analipa kwa mwendo wake. Ni kweli anaendesha polepole mpaka watu wanampigia honi.

Corolla wamenipa mimi. Bima ni nafuu, mafuta haili, na buti lilinyooshwa vizuri ingawa linafungwa kwa kusukumwa. Naendesha kwenda chuo kwa I-10 ileile, na nikisimama kwenye taa, kitu cha kwanza ninachotazama kwenye kioo ni kimo cha boneti iliyo nyuma yangu.