Shahidi Aliyevuka Mpaka

Wanazuoni wa zamani walijadiliana sana kama ukweli wa jambo umo katika jambo lenyewe au umo katika kauli ya yule anayelishuhudia, na mtu wa shughuli za soko huenda akadhani kuwa mjadala huo ni wa wenye vitabu tu, usiomgusa yeye wala mizigo yake. Lakini tarehe 31 Desemba 2020, saa 5 ya usiku kwa saa za London, muda wa mpito ulipokwisha na Uingereza ikatoka katika soko moja la Umoja wa Ulaya, suali hilo liliwafika wenye viwanda, likawataka jawabu, na jawabu likawa na gharama.

Bidhaa nyingi ziuzwazo Ulaya sharti zichukue alama ya CE, herufi mbili zisizopungua milimita 5 kwa urefu. Alama hiyo si sifa ya uzuri wa kitu. Ni tamko la mtengenezaji mwenyewe, kwamba kitu chake kimetimiza masharti ya usalama yaliyowekwa na sheria, na ya kuwa hati za kuthibitisha hayo atazihifadhi, aghalabu kwa miaka 10, ili akitakiwa azitoe. Katika vitu visivyo na hatari kubwa, kama taa za nyumbani, mtengenezaji hujishuhudia nafsi yake na ushahidi wake hukubaliwa. Ama katika vitu kama majiko ya gesi na mitungi ya hewa iliyoshindiliwa hakubaliwi peke yake, mpaka apatikane shahidi mwingine, yaani taasisi ya uthibitisho iliyoteuliwa na dola mojawapo ya Umoja na kupewa nambari yake ya tarakimu 4. Shirika la viwango la Uingereza, BSI, lenye asili yake mwaka 1901, lilikuwa na nambari 0086.

Usiku ule nambari zote za Uingereza zilibatilika huko Ulaya. Wataalamu walikuwa wale wale, vipimo vyao vile vile, na elimu yao haikupungua hata chembe. Walakini cheti chao hakikufaa tena kuingiza mzigo mpya Ulaya. Wenye viwanda wengi walikuwa wamekwisha kuhamishia vyeti vyao kwa taasisi za ng'ambo, na BSI nayo ilikuwa imekwisha kufungua mlango mwingine Uholanzi kwa nambari 2797. Na mfanyabiashara wa Ujerumani au Ureno, ambaye jana alikuwa muuzaji tu wa majiko ya Kiingereza, akaamka ni mwagizaji kwa mujibu wa sheria, jina na anwani yake hazina budi kufuatana na kitu hicho, na dhamana yake imo shingoni mwake.

Mwenye insafu ataona hapo dhuluma, maana jiko halikubadilika. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alisisitiza katika al-Munqidh min al-Dalal kwamba haki haijulikani kwa watu, bali watu ndio wajulikanao kwa haki; na kwa kipimo hicho, kumkataa shahidi kwa sababu ya upande wa bahari aliokaa ni kuigeuza njia ya akili. Hoja hiyo ina uzito mkubwa. Lakini katika fikihi tumefundishwa kwamba kadhi akitoka nje ya eneo alilopewa huwa mtu kama watu wengine: elimu yake haikumtoka, lakini hukumu yake haina nguvu. Naye hakudharauliwa kwa hilo. Hukumu na ushahidi ni amana, na amana haisimami ila awepo wa kuulizwa na awepo mwenye haki ya kuuliza. Ulaya haikudai kwamba wapimaji wa Uingereza wamekuwa waongo; ilisema kwamba wakikosea, mkono wake haufiki tena kuwawajibisha.

Na haja ya mkono huo imeonekana kwa machungu. Mwaka 2010 ilifichuka kwamba kampuni ya Poly Implant Prothèse ya Ufaransa ilikuwa ikijaza silikoni ya viwandani katika mifuko ya kupandikizwa matitini, na mifuko hiyo ilikuwa na alama ya CE na uthibitisho wa taasisi iliyotambuliwa. Alama ilikuwapo, ukweli haukuwapo, na walioumia ni wanawake wa nchi nyingi waliouamini ushahidi huo kwa miili yao. Mwenye kiwanda alihukumiwa kifungo mwaka 2013, na taasisi iliyomthibitisha nayo ikashitakiwa miaka mingi, kwa kuwa ilikuwa na dola iliyoiteua na mahakama za kuiita. Hayo hayakuwarudishia wanawake wale afya yao. Lakini pasipo hayo wasingalikuwa hata na mlango wa kubisha.

Uingereza nayo iliweka alama yake, UKCA, ikakusudia kuilazimisha, ikaahirisha, ikaahirisha tena, hata mwezi wa Agosti 2023 ikatangaza kwamba kwa bidhaa nyingi itaendelea kuikubali alama ya CE bila ya kikomo. Wako walioita hayo kushindwa. Mimi naona kuna ujasiri katika kuukubali ushahidi wa asiyekubali wako, maadamu ni wa kweli, ijapokuwa nchi hiyo sasa yaamini masharti ambayo haina tena kiti katika baraza la kuyaandika.

Ajabu zaidi ni ya Ireland ya Kaskazini, ambako taasisi ya Uingereza ikithibitisha kitu, alama ya CE huandikwa pamoja na ya UKNI, na kitu chenye alama hizo mbili hakiruhusiwi kuuzwa katika nchi za Umoja. Shahidi wa pili amekuja, na nguvu ya wa kwanza imepungua.

Haikuwa lazima iwe hivi. Kwa bidhaa kadhaa Ulaya hukubali ushahidi wa wapimaji wa Australia na wa Japani, kwa mikataba iliyokwisha kueleza nani atamwajibisha nani. Katika mkataba wa biashara wa Desemba 2020 baina ya Uingereza na Umoja, sura ya kukubaliana ushahidi namna hiyo haikuandikwa, na mwenye karakana ndogo, ambaye ada ya kuthibitisha haimpungukii kwa udogo wake, akalazimika kulilipia jiko lake moja mara mbili.