KINYUME CHA KUANGUKA NI NINI?

Ndugu zetu, maneno ya makosa ni mengi katika lugha yetu, na kila moja lina kinyume chake. Kinyume cha kupotea ni kuongoka. Kinyume cha kuteleza ni kuthibiti. Kinyume cha kukosa ni kupata, kama mwenye kutupa jiwe. Lakini kuanguka kuna vinyume viwili: kusimama na kuinuka, na baina yake pana tofauti kubwa. Kusimama ni hali ya asiyeanguka. Kuinuka hakumpati ila aliyekwisha anguka.

Je, sisi twatakwa lipi? Mwenye kudhani kuwa wema ni kutoanguka kabisa, siku aangukapo atafanya moja katika mawili: ataficha kosa lake, au atakata tamaa. Nabii Adam alipoteleza alikiri, akaomba msamaha, akakubaliwa. Iblis alipoamrishwa kusujudu alikataa, akatoa hoja za ubora wake, akafukuzwa. Kilichowatenga ni kurejea.

Na sharia yatuonyesha jambo hili ndani ya sala. Imamu akisahau, maamuma humzindua kwa tasbihi, wala hawamcheki. Akikumbuka, hutimiza lililopungua, akasujudu sijida mbili za kusahau kabla ya salamu, kama ilivyo katika madhehebu ya Shafii. Na sala yake yasihi.

Ajabu ni kuwa msikitini twafanya hivyo, na tukifika barazani twafanya mengine. Mtu alikuwa mlevi, akaacha, akajuta, akaazimia asirejee, na haki za watu akazirudisha. Masharti ya toba yametimia. Nasi twaendelea kumwita mlevi. Akiposa twamtangaza, akitoa neno la haki twamrudishia ulevi wake. Huyu ameinuka, nasi twamshika miguu!

Huenda mtu akasema: Je, huku si kuwafungulia watu mlango wa kukosa? La. Mwenye kuinuka kwa kweli huondoka penye utelezi. Atubuye kwa ulimi, na mguu wake ungali pale pale, hajainuka bado.

Basi na tumwombe Mwenyezi Mungu atuthibitishe. Na tukianguka, atuwezeshe kuinuka. Na tumwonapo ndugu yetu ainuka, tumpe mkono, kwani hapana ajuaye kesho ni zamu ya nani.

Wabillahi taufiki.