Arobaini ya Mwizi

Wahenga wametuachia neno kwamba za mwizi ni arobaini. Walimu tumelifundisha miaka mingi, na wanafunzi wamelikariri. Lakini tukilichungua vema, neno hili latuambia kwamba mwizi atakamatwa. Halituambii kwa nini wizi ni mbaya. Mwanafunzi mwerevu aweza kuuliza: je, zile siku thelathini na tisa za kwanza zina ubaya gani?

Swali hilo hutukabili tutazamapo filamu za uhalifu. Mwaka 1955 Jules Dassin, Mmarekani aliyenyimwa kazi kwao kwa sababu ya siasa, alitengeneza huko Ufaransa filamu iitwayo Du rififi chez les hommes. Kwa muda wa nusu saa hivi, wezi wavunja duka la vito kwa kutoboa dari, pasipo neno wala muziki. Mwavuli wafunguliwa chini ya tundu ili ukinge kifusi. Mtazamaji hujikuta amezuia pumzi, akiwaombea wezi heri. Baadaye pete moja, aliyozawadiwa mwanamke, yawafichua. Arobaini imetimia. Hata hivyo tunachokisikitikia ni kazi ya ustadi iliyoharibika. Mwenye duka hatumkumbuki.

Nairobi Half Life, filamu ya David 'Tosh' Gitonga ya mwaka 2012, yashika njia nyingine. Kijana Mwas afika Nairobi akitamani kuwa mwigizaji, na mara anyang'anywa alichokuja nacho. Baadaye ajiunga na wezi wa vipuri vya magari. Twaupenda werevu wake, lakini hatuwezi kusahau kwamba yeye mwenyewe tulimwona akiibiwa. Basi funzo la filamu hii halingoji polisi wafike. Limo katika uchungu ule wa siku ya kwanza.

Kwa watu wa Lunyo, na wa mpakani kote toka Busia hadi Tororo, jambo hili si la sinema tu. Baiskeli zilizozaa jina la boda boda zilivusha abiria mchana. Na hadithi za magendo ya usiku, kwa njia za panya, husimuliwa hadi leo kwa kicheko. Katika hadithi hizo aliyeibiwa haonekani, kwa kuwa ushuru hauna uso. Lakini mtoto akaaye chini darasani kwa kukosa dawati anao uso. Naye mkulima wa Uganda aliyevusha kahawa yake miaka ya 1970, kwa sababu serikali ilimpunja bei, anao wake pia. Akituuliza nani hasa alikuwa mwizi, hatuna budi kumsikiliza kabla ya kumhukumu.

Yatupasa basi, tukijadili hadithi au filamu darasani, tusitosheke na kuuliza kama mwizi alikamatwa. Tuulize ni nani aliyeibiwa, na kama mtunzi ametuonyesha uso wake. Mwanafunzi aliyezoea kumtafuta mtu huyo hatahitaji kuhesabu siku arobaini.