Hayy bin Yaqdhan na Kisiwa Kisicho Watu

Katika hadithi walizotunga wanavyuoni wetu, hapana iliyoitaabisha darasa yetu kama ya Hayy bin Yaqdhan. Mtungaji wake ni Ibn Tufayl, tabibu wa Khalifa Abu Yaaqub Yusuf wa Muwahhidin, aliyefariki Marrakesh mwaka 1185. Yasimulia mtoto aliyekulia kisiwa kisichokaliwa na watu, akinyonyeshwa na paa. Paa alipokufa, Hayy alimpasua kifua apate kujua ni kitu gani kilichomtoka. Na tokea hapo, kwa kutazama na kufikiri, akapanda daraja kwa daraja hata akamjua Muumba.

Je, akili pekee yatosha? Sisi wafuasi wa Imam al-Ashari twasema mtu halazimiki kitu kabla ya kufikiwa na ujumbe, na Wamaturidi husema kumjua Mungu kwapasa hata kwa akili. Ibn al-Nafis naye, aliyefariki 1288, alitunga kisiwa chake. Mtu wake, Kamil, hakutambua haja ya mitume mpaka merikebu ilipomletea watu. (Robinson Crusoe wa mwaka 1719, mashuhuri zaidi kwa vijana wetu wa skuli, alipopata mwenzi kisiwani alimfunza kumwita Bwana. Haya, tumwache.)

Linalotuuma sisi limo mwishoni mwa kitabu. Absal, mcha Mungu aliyevuka kuja kutafuta upweke, alimfunza Hayy kusema, wakaenda pamoja kwa watu wa mji. Hayy akawafunulia aliyoyajua, nao wakachukizwa. Ndipo akawausia washike mipaka ya sharia, wafuate watangulizi wema na waepuke uzushi, kisha akarejea kisiwani na Absal.

Maneno hayo ni mema, nasi twayasema kila siku. Lakini Hayy aliyasema kwa kuwakatia watu tamaa, akiwaona wengi wao kama wanyama. Akili aliyopewa yeye hawakunyimwa wao. Nabii Nuh alikaa na kaumu yake miaka 950. Nabii Yunus alipoondoka kwa ghadhabu, bahari ilimtupa ufukoni, naye akatumwa kwa watu laki moja au zaidi, wakaamini. Basi kwa hoja gani Hayy apewe ruhusa ya kuondoka, hali maji yalimrejesha Mtume?

Ibn Tufayl asema wawili hao waliabudu kisiwani hata mauti yakawafika. Habari za mji ule hatuambiwi tena.