Ujira wa Mkaanga Viazi

Tarehe 29 Novemba 2012 wafanyakazi wa mikahawa ya vyakula vya haraka mjini New York waligoma, wakitaka dola 15 kwa saa. Kima cha chini cha sheria ya Marekani nzima kilikuwa dola 7.25, nacho kiliwekwa mwaka 2009. Wako waliowacheka, wakisema: kukaanga viazi si elimu, asiyeridhika na akasome.

Sisi twaona hoja hii ni mbovu. Tajiri hakununua elimu, amenunua saa za mtu. Na mtu huyo hudaiwa kodi ya nyumba sawasawa na mwenye elimu. Na lau wote wangesoma, nani angekaanga? Mtume (s.a.w.) alipotuhimiza kumlipa ajiri upesi hakubagua mwenye ujuzi na asiye nao. Ama wasemao kuwa bei itapanda, huenda ikapanda. Lakini urahisi wa leo nao una mlipaji, naye ni mpishi. California imelazimisha mikahawa mikubwa ya namna hiyo kulipa dola 20 tangu Aprili 2024.

Na yule kijana wa hapa petu Mombasa, atuleteaye chai na mahamri tangu alfajiri hata baada ya Isha, tumemwuliza lini tajiri wake ampa nini?