Unamtazama Nani?

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Yohana 1:6–9, Luka 10:38–42, Mathayo 6:22, 23, Kutoka 34:29–35, Isaya 49:15, 16, 1 Wathesalonike 4:13–18.

Fungu la Kukariri: 2 Wakorintho 3:18.

Fikiria kijana anayefanya kazi Iringa. Alfajiri simu inalia: mama amefariki. Anapanda basi, anapita Makambako na Njombe, na jioni anafika nyumbani Mlangali, wilayani Ludewa, ukungu wa Julai ukiwa umeshafunika mashamba. Wazee wanamwomba jambo moja: “Wewe ndiye mwenye simu nzuri. Tutafutie picha ya mama yako tuiweke mbele ya jeneza.”

Kijana huyu si mpiga picha wa studio. Hupiga picha kwa kupenda tu. Anafungua simu. Picha ni nyingi mno, na karibu zote ni za uso wake mwenyewe. Mama yumo katika moja tu, tena kwa nyuma, kwenye mlango wa jiko, ameshika mwiko na moshi umemfunika nusu.

Juma hili tutajifunza kutokana na kazi hii ya kila siku ya kupiga picha. Swali letu ni moja: macho yetu tumeyaelekeza kwa nani?

JUMAPILI
Nuru Haitoki kwenye Kamera

Soma Yohana 1:6–9. Je, Yohana Mbatizaji alikuwa na uhusiano gani na nuru?

Kwa ndani, kamera ni kisanduku chenye giza. Haina nuru yake. Inapokea tu ile inayoingia kupitia lenzi. Hata neno ambalo mataifa mengi hulitumia kwa upigaji picha limetokana na maneno mawili ya Kiyunani, yaani nuru na kuandika. Picha ni maandishi ya nuru.

Usiku ule kijana anajaribu kuing'arisha picha ya mama yake kwa simu. Moshi unazidi kuwa mweupe, lakini uso hauonekani vizuri zaidi. Pale ambapo nuru haikufika, hakuna cha kuongezwa baadaye.

Yohana alilijua hilo. Yeye hakuwa nuru, bali alikuja kuishuhudia. Mkristo anayejaribu kung'aa kwa juhudi zake anachoka bure. Anayemgeuzia Kristo uso hupokea mwanga, kama mtu aliyeketi ndani ya nyumba yenye giza anapoambiwa, “Geukia dirishani” (soma pia 2 Wakorintho 4:6).

Je, ni eneo gani la maisha yako unalojaribu kuling'arisha bila kumruhusu Kristo aingie?

JUMATATU
Aliyetulia Ndiye Aliyeonekana

Soma Luka 10:38–42 na Zaburi 46:10. Ni nini ambacho Mariamu alikichagua?

Mwaka 1838, Mfaransa Louis Daguerre alipiga picha ya mtaa wa Boulevard du Temple jijini Paris. Mtaa ulikuwa na watu na magari ya farasi, lakini katika picha barabara inaonekana karibu tupu. Kamera ya siku zile ilihitaji dakika kadhaa kupokea nuru, hivyo waliokuwa wakipita hawakuacha alama. Mtu mmoja alionekana, kwa sababu alisimama mahali pamoja akisafishiwa viatu. Huhesabiwa kuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuonekana katika picha.

Wengi walipita pale, na aliyebaki akionekana ni yule aliyetulia. Kijana wetu naye alikuja Mlangali kila Desemba. Alileta sukari, alileta kitenge, na kesho yake akaondoka. Alifika, lakini hakukaa. Ndivyo wengi wetu tunavyoomba: tunafika mbele za Mungu, tunataja mahitaji, tunaondoka kabla hajatuambia neno.

Je, leo utamtengea Mungu muda gani wa kukaa, si wa kupita tu?

JUMANNE
Lenzi Yenye Vumbi

Soma Mathayo 6:22, 23. Kwa nini Yesu alilifananisha jicho na taa ya mwili?

Simu inayokaa mfukoni hupata vumbi na mafuta ya vidole kwenye lenzi. Kila picha inatoka na utusitusi. Huko Mlangali ni rahisi kusema, “Ni ukungu tu.” Lakini ukungu huondoka jua likipanda, na picha bado inatoka vilevile. Dawa ni kitambaa laini na safi.

Tunapoona kila mshiriki ana kasoro, kila kiongozi ana hila, na kila jirani ana wivu, huenda si wao wenye ukungu. Daudi hakuomba abadilishiwe watu waliomzunguka. Aliomba aumbiwe moyo safi (Zaburi 51:10).

Je, yuko mtu ambaye umekuwa ukimwona vibaya kwa sababu ya uchungu uliomo ndani yako?

JUMATANO
Kamera Mbili

Soma Kutoka 34:29–35. Musa hakujua jambo gani aliposhuka mlimani?

Simu nyingi za leo zina kamera ya mbele, inayomtazama mwenye simu, na ya nyuma, inayowatazama wengine. Kujipiga picha si dhambi. Hatari ni kuishi kwa kamera ya mbele peke yake, mtu akijipima kila siku kwa jinsi anavyoonekana.

Uso wa Musa uling'aa, naye hakujua. Alikuwa amezungumza na Bwana, akajisahau. Paulo anafundisha kanuni hiyohiyo katika fungu letu la kukariri: tunafanana na yule tunayemtazama. Na Yesu mwenyewe aliwatazama watu. Alimkazia macho yule tajiri kijana, akampenda (Marko 10:21). Anayemtazama Yesu hujifunza kuwatazama watu kama Yeye anavyowatazama.

Je, nyumbani kwako ni nani ambaye yuko kila siku, lakini haonwi?

ALHAMISI
Uso Usiosahauliwa

Soma Isaya 49:15, 16 na 1 Wathesalonike 4:13–18. Kuna faraja gani kwa waliofiwa?

Siku ya mazishi, ile picha yenye moshi iliwekwa mbele ya jeneza. Kijana aliona aibu. Bibi mmoja akainama, akaitazama kwa muda mrefu, akasema, “Ndiye. Hapo anatupikia.”

Mungu hahitaji picha ili amkumbuke aliyelala. Anasema kwamba hata mama akimsahau mtoto wake, Yeye hatasahau. Amewachora watu wake katika vitanga vya mikono yake. Parapanda itakapolia, waliolala katika Kristo watafufuka, na uso ambao moshi uliuficha utaonekana wazi.

Lakini tumaini hilo halituruhusu kuwapuuza walio hai. Jioni ile kijana aliiweka simu mfukoni, akaketi karibu na moto pamoja na baba yake. Walizungumza mpaka usiku. Asubuhi, jua lilipotoka, akamwomba, “Baba, naomba nikupige picha.” Mzee akageukia jua.

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma Luka 22:54–62. Petro alipokuwa amemkana Bwana, Yesu aligeuka akamtazama. Tafakari jinsi mtazamo huo ulivyoubadilisha moyo wake.

Maswali ya Kujadili:

1. Kupiga picha wakati wa ibada kunaweza kuwafariji wagonjwa walioko nyumbani. Ni lini kunageuka kuwa kizuizi cha ibada? Kanisa lenu linaweza kukubaliana nini?

2. Mtu aliyefiwa anasema, “Sikumtendea mama yangu ipasavyo, na sasa nimechelewa.” Injili inamwambia nini, bila kulifanya kosa lake kuwa dogo?

3. Tajeni wazee, wajane na wagonjwa walio karibu na kanisa lenu. Nani atakwenda kuketi nao Sabato hii mchana?