Kitu Kinachoweza Kukataa

Swali lililonisumbua muhula mzima halikutoka kwenye darasa la falsafa. Lilitoka kwenye masomo matatu ya vitendo ambayo ratiba iliyaweka pamoja tu: ufuaji wa chuma, uchoraji wa haraka kwa penseli, na upigaji picha wa majaribio. Swali lenyewe: mtu anayetengenezewa picha ana haki gani juu ya hiyo picha? Na haki hiyo inaanza lini, kabla haijatengenezwa au baada?

Nianze na chuma, maana ndicho kilichonipa neno nililokuwa nalitafuta. Chuma kinakataa. Kikiwa kwenye moto hadi kikageuka rangi ya chungwa, kinakubali nyundo. Ukichelewa kidogo kikapoa, nyundo inaruka, koleo linatetemeka, maumivu yanapanda hadi begani. Ukilazimisha, kinapasuka. Wahunzi wanaogeuza springi za magari chakavu kuwa visu na majembe wanalijua hili bila mhadhara wa mtu. Sawa, chuma si mtu, na hakina haki yoyote ninayoweza kuivunja. Lakini mkono uliokwisha kukataliwa mara nyingi unakuwa na adabu fulani ukishika penseli.

Likizo nilirudi nyumbani Mwamanyili, wilayani Busega, na kazi ya michoro. Ulikuwa msimu wa pamba. Jirani yetu, bibi mmoja, alikuwa amekaa chini anachambua, safi huku, fifi kule. Nikamwamkia, nikaomba kumchora, akakubali. Katika nusu saa ile aligeuka mara nne, alinituma maji, alicheka, kisha akadai aone karatasi. “Pua hiyo si yangu, mjukuu wangu.” Nikafuta, nikachora upya. Alikuwa na nafasi kama kumi za kusema basi, tosha. Kwa simu ningemaliza kabla hajainua macho.

Kuna wanaopenda kusema eti neno “kupiga” picha linafichua ukatili uliomo. Mimi sishawishiki, mbona tunapiga pasi na hakuna anayelia. Tatizo ni muda. Picha ya simu inamalizika kabla mwenye sura hajapata nafasi ya kujibu.

Ndiyo maana nilipenda kamera ya kopo. Unachukua kopo la maziwa ya unga, unalipaka rangi nyeusi ndani, unatoboa tundu la sindano, unaweka karatasi ya picha, kisha unafunua tundu hilo juani na kusubiri. Karatasi inahitaji mwanga wa muda mrefu, nusu dakika au zaidi. Anayepigwa akitikisika, sura inakuwa moshi. Kwa hiyo picha nzuri ya kopo haipatikani bila yeye kushiriki. Bibi alikaa kimya mara mbili, na mara ya pili picha ikatoka.

Hapo nilitaka kuhitimisha kwamba sanaa ya polepole ni sanaa ya haki. Ni wazo tamu, lakini halisimami. Makumbusho za Ulaya zina picha za Waafrika wa enzi za ukoloni, mbele na ubavu, waliosimamishwa wapimwe kama mbao. Nao walitulia mbele ya kamera. Kutulia si kukubali. Muda unafungua mlango wa kukataa, lakini mwenye nguvu anaweza kusimama mlangoni. Na upande wa pili, mwandishi wa habari akikuta askari anampiga mtu barabarani, sitaki aombe ruhusa ya askari. Kwa hiyo kukataa nako si haki isiyo na mipaka. Nadhani inakuwa na uzito zaidi pale anayechorwa ana uwezo mdogo kuliko anayechora, na mwanafunzi mwenye daftari la chuo, hata awe mtoto wa kijijini hapohapo, ana uwezo kuliko anavyodhani.

Kesi inayonishinda iko huku huku Usukumani. Bayeye, chama cha wacheza na nyoka, walikuwa na michoro kwenye kuta za ndani za nyumba zao, kwa ajili ya walioingizwa chamani. Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya Tanganyika, alitoa kitabu kuhusu michoro hiyo London mwaka 1953. Kuta za udongo hazidumu. Bila kitabu, pengine mimi mwanafunzi wa sanaa nisingejua kwamba babu zetu walichora nyoka na watu kwa ujasiri ule. Nimefurahi kwamba nakala zipo, siwezi kujifanya vinginevyo. Lakini furaha yangu haiwezi kugeuka ruhusa yao, tena ruhusa ya mwanachama mmoja, hata kama ilikuwepo, sioni ingetoshaje kwa ukuta ambao ulikuwa wa wote. Nani hapo angekuwa na haki ya kukataa? Yule aliyechora? Chama kizima? Wajukuu ambao sasa wanautaka urithi huo? Nimezungusha jambo hili miezi mitatu, na kila jibu linamwacha mtu nje.

Kwenye maonyesho ya mwisho wa muhula nilitundika kisu na michoro. Picha ya kopo sikuitundika. Bibi alisema mikono yake watu waione, uso hapana, na picha ile ilikuwa uso. Nilimpa yeye. Anaiweka sandukuni pamoja na kadi zake za hospitali. Wageni wengine huwaonyesha, wengine hapana, na sijaelewa anawachagua kwa kigezo gani. Niliporudi Desemba nikamwomba niione tena. Akaniambia ninywe uji kwanza, halafu tutaona.